Paa la Almeria

Alhamisi, 3 Oktoba

"Waliolipenda jumba hili wako makaburini, na mji wetu hauna gesi ya kupasha joto makaburi."

Ndivyo alivyosema jana Diwani Ray Stojak mbele ya baraza la mji, na watu wakacheka, kwa sababu Ray anajua kusema. Mimi sikucheka. Nalipenda jumba la sinema la Almeria na simo kaburini. Nina miaka hamsini na minne, nafundisha historia katika chuo cha mji huu wa Corliss, na kila Ijumaa nawanyima watu usingizi kwa safu yangu ya gazetini.

Hoja ya Ray imeoza kuanzia mzizi. Inadhani jengo ni mali ya waliowahi kulifurahia. Kwa mantiki hiyo tubomoe kila kanisa waumini wake wa kwanza wanapozikwa, na tuufukie mto kwa kuwa waliovua humo zamani hawapo. Jengo ni la yule atakayeingia kesho. Almeria lilijengwa mwaka 1927 kwa ajili ya watu wa viwanda vya chuma, watu waliorudi nyumbani na masizi masikioni wakitaka kukaa saa mbili chini ya anga safi. Basi wakajengewa anga. Dari yote ni usiku wa Hispania: lipu ya buluu, taa ndogo ndogo za nyota, na mashine ya kurusha mawingu yakapita taratibu juu ya vichwa. Milango imefungwa tangu nikiwa mwanafunzi. Sasa jengo ni la mji, na tarehe 14 Januari baraza litapiga kura: libomolewe liwe maegesho ya magari, au wakabidhiwe Marafiki wa Almeria, chama chetu, walikarabati.

Nilisimama nikamuuliza, "Ray, umewahi kuingia katika jumba lililokarabatiwa?"

"Niliingia kliniki ya meno iliyokarabatiwa, Mwalimu. Yalinitosha."

"Basi panda basi letu. Jumamosi tatu, miji mitatu. Ukirudi na maneno haya haya, nyundo ya kwanza nitakuletea mimi."

"Kahawa analipa nani?"

"Wewe, kwa ulivyotuchosha."

Hapo wakacheka upande wangu. Corinne Vandermolen, mwenyekiti wa Marafiki na rafiki yangu tangu tulipolala chumba kimoja bwenini, alinibinya mkono chini ya meza. Funguo za Almeria zinaning'inia shingoni mwake kwa utepe wa kijani, kama za mlinzi wa peponi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Safari ya kwanza, Tarrant Mills. Basi lilijaa; Ray alikaa mbele karibu na dereva, kofia ya duka lake la matairi kichwani.

Jumba lao limekarabatiwa vizuri mno. Kuta za ukumbi wa kuingilia zinang'aa mpaka unaona aibu ya viatu vyako. Sisi wazururaji wa majumba ya zamani tuna mchezo wetu: tukiingia, kabla ya kutazama dari wala jukwaa, tunatafuta doa. Wakarabati wengi huacha kipande kimoja cha ukuta bila kukisafisha, cheusi kwa moshi wa sigara wa miaka hamsini, ili mgeni aone jengo lilikotoka. Anayeliona wa kwanza hununuliwa bisi.

Aliyeliona alikuwa Ray, ambaye hakujua kama kuna mchezo. Alikwangua kwa ukucha. "Mmesahau hapa."

Basi zima lilipiga kelele. Corinne akamweleza, huku akifuta machozi ya kicheko.

"Kwa hiyo mnamlipa mtu aache uchafu," alisema Ray.

"Ndio ushahidi wetu, Diwani."

"Mkiniuliza mimi, kwenye Almeria mna ushahidi wa kutosha mpaka kwenye vyoo."

Alikula bisi yake, akakaa safu ya tano, akalala. Taa zilipozimwa na nyota zikawaka, nilimchungulia. Jicho moja lilikuwa wazi.

Jumapili, 13 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Nimesahihisha insha za wanafunzi. Hakuna aliyenikasirisha vya kutosha.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mvua tena. Nimeanza makala ya kumzika Ray Stojak. Kichwa: "Mshenzi Mwenye Kofia." Kimenipendeza.

Jumamosi, 26 Oktoba

Safari ya pili, Benton Ferry. Hili si jumba la sinema bali stesheni ya reli, yenye kuba la vioo na saa kubwa kama gurudumu la kinu; stesheni hiyo wameigeuza maktaba. Watoto wamelala kifudifudi wakisoma pale mizigo ilipokuwa ikipimwa. Nilimwambia Ray, "Haya, nionyeshe kaburi liko wapi."

Akanijibu kwenye basi, mbele ya watu wote. "Hawa walianza na kazi. Walihitaji maktaba, wakatafuta mahali. Ninyi mmeanza na nyota, mnatafuta kazi ya kuzipa."

"Mtu aliyetoka kazini amechoka, nyota si kazi kwake?"

"Mwalimu, mtu aliyetoka kazini amechoka anatafuta pa kuegesha gari."

"Ili aende wapi, Ray? Ukibomoa mji wote uwe maegesho, ataegesha aende kutazama nini? Gari la mwenzake?"

Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Ray mwenyewe alitabasamu akiwa amelielekea dirisha. Lakini alikuwa na hoja, na imenikaa kama mwiba wa samaki. Nimeiandika hapa ili niing'oe.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo tumewasha bango.

Ni desturi ya vyama kama chetu, na sijaona chama kilichoiacha: taa za nje huwashwa kwanza, ili mji uone jengo linapumua. Corinne alilisimamia tangu kiangazi. Bango jipya lina herufi za kimo cha mtu, ALMERIA, na taa za manjano zinazokimbizana kandokando yake. Barabara nzima ilifungwa. Bendi ya shule ilipiga tarumbeta. Corinne alihesabu kwenda nyuma, umati ukahesabu naye, taa zikawaka, na kutoka juu ya paa vijana wa kamati wakamwaga vikaratasi vya dhahabu, magunia kwa magunia, vikashuka juu yetu kama baraka. Wazee walilia. Mimi pia nililia, na vikaratasi vilikuwa kwenye nywele zangu mpaka nilipofika nyumbani.

Ray alisimama ng'ambo, mikono mfukoni. Nikamwendea. "Sema neno, basi."

"Linapendeza," alisema. "Na ndani?"

"Ndani baadaye."

"Hm."

Nilirudi nyumbani nikaongeza aya mbili kwenye "Mshenzi Mwenye Kofia."

Jumatatu, 11 Novemba

Upepo mkali wa ziwani. Mji bado una vikaratasi vya dhahabu kila ufa wa barabara.

Jumamosi, 16 Novemba

Safari ya tatu, Port Hale. Naandika kwa kirefu kwa sababu jambo fulani limetokea na sijui bado kama ni dogo.

Meneja wa jumba la Port Hale anaitwa Ottilie Brandvold, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha farasi. Tulijipanga mlangoni tukitamani dari yao, ambayo wazururaji wanaisifu kutoka Maine mpaka Oregon. Yeye akatupitisha mlango wa pembeni, ngazi za chuma, juu, juu tena, mpaka tukatokea kwenye paa tambarare lenye upepo wa kukata masikio.

"Kila mgeni anataka dari," alisema. "Mimi naanza na kinachoilinda."

Paa la namna hii halimwagi maji pembeni. Limezungukwa na ukuta mfupi, linainamia katikati, na maji yote huingia katika matundu machache yenye mabomba yanayoshuka ndani ya kuta. Bi Brandvold alipiga magoti katika suti yake nzuri, akaingiza mkono kwenye tundu moja, akatoa manyoya ya njiwa na majani mawili.

"Kila Jumatatu. Tundu likiziba, maji yanakaa. Yakikaa, yanatafuta njia. Dari yangu ni lipu iliyoning'inizwa kwa nyaya, mabibi na mabwana. Ikilowa inakuwa nzito. Haikupigii hodi."

Ndipo tukashuka kuiona. Nzuri, ndiyo. Lakini safari hii hakuna aliyecheza mchezo wa doa.

Kwenye basi Ray aligeuka nyuma, akapiga magoti juu ya kiti kama mtoto wa shule. "Mama Mwenyekiti, kwenu nani anapanda?"

"Tunalo fungu la paa katika mpango wa ukarabati," alisema Corinne. "Awamu ya tatu."

"Sijauliza awamu. Nimeuliza nani anapanda."

Corinne alitazama nje. Vidole vyake vilikuwa vinauzungusha ule utepe wa kijani, vinauzungusha, vinauzungusha.

Jumatatu, 18 Novemba

Nimempigia Corinne simu. Nani anapanda? "Teddy, na wewe umeanza? Yule mtu anatuingiza wasiwasi makusudi, ndiyo kazi yake." Nikakubali, kwa kuwa ni kweli kwamba ndiyo kazi yake.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani, nyumbani kwa Corinne. Bata mzinga mkavu, pai ya maboga nzuri. Mvua ilipiga madirisha mlo mzima, na kila ilipozidi Corinne aliacha kutafuna.

Ijumaa, 6 Desemba

Leo tuliwaingiza wafadhili Almeria. Corinne amesafisha kipande kimoja cha ukuta, ukubwa wa mlango, akakipaka na dhahabu. Kwetu mambo ni kinyume cha Tarrant Mills: kule doa ni uchafu katikati ya usafi, huku doa ni usafi katikati ya uchafu. Wafadhili walikizunguka wakiguna kwa raha.

Mimi nilisikia harufu. Lipu mbichi ina harufu ya chaki na kisima. Nikaifuata ngazi za roshani. Mlango wa roshani ya juu ulikuwa umefungwa kwa kamba ya kijani ya aina ile ile ya utepe wa Corinne. Nikaifungua. Nyuma ya pazia kulikuwa na ndoo, zimepangwa vizuri kama viti, na zote zina maji. Nikainua macho. Katikati ya usiku wa Hispania palikuwa na wingu ambalo halikutoka kwenye mashine: jeusi, pana, limevimba, na katikati yake nyota tatu zimeanguka zikaacha matundu.

Corinne alikuwa nyuma yangu.

"Tangu lini?" niliuliza.

"Punguza sauti."

"Corinne, tangu lini?"

"Tangu katikati ya Novemba. Zamani lilivuja kidogo tu, pembeni. Sasa sijui limepatwa na nini."

"Umepanda paani?"

"Nikimwita mtu wa kupanda, ataandika alichokiona. Akiandika, Ray atakisoma barazani. Fikiri, mwenzangu! Zimebaki wiki chache. Tushinde kura kwanza, kisha tutaziba kila kitu."

"Na dari ikianguka kabla ya kura?"

"Haitaanguka."

"Umeiuliza?"

"Wewe huna haki ya kunisema," alininong'oneza kwa hasira, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Miaka tisa nimebeba jumba hili. Wewe unaandika. Unapiga kelele vizuri, Teddy, lakini unaandika tu. Mimi ninazo hizi." Akashika funguo.

Nilimwomba anipe, nipande mwenyewe. Akakataa. Bima, alisema. Barafu, alisema. Umri wangu, alisema, shetani yule. Chini wafadhili walikuwa wakipiga makofi kwa kitu fulani.

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua. Corinne hapokei simu.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua iliyochanganyika na theluji. Nimepita mbele ya Almeria nikitoka chuoni. Taa za bango zinakimbizana. Watu wanapigana picha chini yake. Ningependa kuwaambia waweke sikio ukutani.

Alhamisi, 12 Desemba

Redio inasema theluji ya ziwa inakuja kesho kutwa, nzito, juu ya maji yaliyokwisha kukaa. Nimejaribu kufundisha vita vya wenyewe kwa wenyewe, nikajikuta naeleza mapaa.

Hali yangu ni hii, na naiandika wazi ili nisijidanganye. Mtu mwingine mwenye haki ya kufungua mlango wa Almeria ni diwani wa kamati ya majengo, kwa kuwa jengo ni la mji. Diwani huyo ni Ray Stojak. Nikimwambia, nampa hoja anayoitafuta. Nisipomwambia, dari inashuka. Nimesoma rafu nzima za vitabu vya watu waliojitetea kwamba walinyamaza kwa faida ya jambo jema, na darasani nimewacheka wote.

Ijumaa, 13 Desemba

Asubuhi nimekwenda duka la matairi.

Ray alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la lori. Hakuinuka. "Mwalimu! Umeleta nyundo?"

"Dari ya Almeria imelowa. Kuna maji paani. Corinne anajua, hataki ijulikane mpaka kura ipite. Nataka ufungue mlango wa paa leo, kabla theluji haijafika."

Sasa aliinuka. Alifuta mikono kwa kitambaa kirefu, kidole baada ya kidole.

"Unanikabidhi kisu na shingo yako mwenyewe."

"Najua ninachokukabidhi."

"Naweza kukaa hapa tu, ninywe kahawa yangu, dari ianguke, Januari niseme: ndugu madiwani, mambo yamejimaliza."

"Unaweza. Utakuwa umeshinda mvua, Ray. Mimi hutakuwa umenishinda. Tangu Oktoba unanipa hoja na mimi nakupa hoja, halafu umalize kwa kuvizia?"

"Unaongea sana wewe."

"Vaa koti."

"Unaongea sana, wallahi." Akamwita mfanyakazi wake amalizie gurudumu, akachukua koti, makoleo mawili na fimbo ya chuma.

Ufunguo wa mji ulikuwa na kutu, ukahitaji mafuta na matusi. Tulipotokea juu nilidhani nimekosea jengo. Paa lilikuwa ziwa. Ukuta mfupi ulikuwa umeyashika maji mpaka karibu na ukingo, na juu yake barafu nyembamba kama kioo cha dirisha. Uzito wote ule ulikuwa umekaa juu ya nyota. Mbele yetu, nyuma ya bango, taa mpya zilikuwa zikivuma kwa raha zake.

"Mama yangu," alisema Ray polepole. "Usikanyage katikati."

Tulipita kandokando ya ukuta, tukivunja barafu kwa makoleo. Maji yaliingia kwenye mabuti yangu, na kwa muda nilisikia miguu, kisha sikuisikia. Ray alipapasa kwa fimbo mpaka akapata tundu la kwanza. Fimbo haikuingia. Akavua koti, akapiga magoti majini, akazamisha mkono mpaka begani, shavu lake likagusa barafu. Alivuta. Akavuta tena, akikunja uso, akatoa konzi ya kitu kilicholowa kama uji. Akakitazama. Akaninyooshea.

Vilikuwa vikaratasi vya dhahabu.

Nilitegemea kicheko. Namjua Ray, au nilidhani namjua. Nilijikaza kama mtu anayengoja kofi. Hakucheka. Alivitazama vile vikaratasi vinavyometameta kwenye kiganja chake chekundu, akasema, "Duh, jamani. Sherehe yenu," kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Akazamisha mkono tena. Mara ya nne tundu lilikoroma, maji yakaanza kuzunguka, yakashuka. Tulihamia tundu la pili, zamu yangu. Nililala kifudifudi, nikavuta dhahabu nikiwa natukana kwa lugha ya bibi yangu, ambayo Ray anaifahamu, maana naye bibi yake alitoka bonde lile lile. "Hilo sijalisikia tangu niko mdogo," alisema. Tundu la tatu lilikuwa limeziba kwa dhahabu na njiwa mfu.

Maji yalikuwa yakishuka kila mahali, jengo zima likinguruma kama tumbo, tuliposikia chini yetu sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu ameangusha godoro.

Tulishuka mbio. Kipande cha anga, ukubwa wa gari, kilikuwa kimelala juu ya safu ya tano, buluu juu, nyaya zikiwa zimechomoza. Vumbi jeupe lilikuwa bado linaelea. Juu, pembeni mwa shimo, dari iliyobaki ilikuwa imeshika. Tulisimama tukiitazama kwa shingo zilizokunjwa, tukingoja. Imeshika.

"Ningekuwa nimelala hapo," Ray alisema.

Jumapili, 15 Desemba

Theluji imeanguka usiku kucha, mpaka magotini. Ray alipanda tena asubuhi na koleo lake bila kuniambia. Nimeziona alama za mabuti yake kwenye theluji ya ngazi.

Nimekwenda kwa Corinne na chupa ya kioo yenye vikaratasi. Nikaiweka mezani kati ya vikombe, nikamweleza ya paa na ya dari iliyoanguka. Akaigeuza kwa kidole.

"Nilichagua rangi mimi," alisema. "Fedha ilikuwa inapatikana pia. Nikasema, hapana, dhahabu."

"Hukujua. Hakuna aliyejua. Lakini ungepanda wiki ya kwanza ungejua."

"Umemwambia yeye, Teddy. Yeye! Umenipitia juu ya kichwa ukaenda kwake yeye."

"Nilikuomba funguo."

"Mji mzima utanicheka."

"Utakucheka. Kisha utasahau. Nipe funguo, tupande pamoja, tukasafishe kila Jumatatu, wewe na mimi, kama wendawazimu wawili."

Alifunika utepe kwa kiganja, kana kwamba nilitaka kumnyang'anya mtoto. "Baada ya kura."

Hakuniaga. Nilipofika nyumbani niliichana "Mshenzi Mwenye Kofia" vipande vipande, na hata hilo halikunipa raha.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Theluji. Ray amepanda. Mimi nimepanda. Corinne, hapana.

Jumanne, 14 Januari

Kura.

Corinne alizungumza vizuri, amevaa koti jekundu, akiwa na picha ya bango ukutani nyuma yake. Alisema jengo ni imara. Alisema hivyo mbele yangu, mbele ya Ray, bila kupepesa, na nikaona kwamba anaamini. Hilo ndilo lililonitisha. Ameutazama mwanga wa nje mpaka anadhani ameona na ndani.

Ray akasimama. Alikuwa na koti lake la kazini.

"Oktoba nilisema hatuwezi kupasha joto makaburi. Nafuta maneno hayo. Nimelala kifudifudi juu ya paa la Almeria, na jengo lile halijafa. Lina nguvu kuliko mimi. Lilibeba ziwa zima mwezi mzima likadondosha kipande kimoja tu." Watu waligeukiana, wengi walikuwa hawajasikia. "Dari imeanguka kiasi, ndugu zangu, kwa sababu matundu ya paa yaliziba kwa vikaratasi vya sherehe ya kuwasha taa. Aliyenileta nikaone ni Mwalimu Hruska, adui yangu. Angeweza kunyamaza."

Hakuna aliyecheka. Corinne alikuwa ameinamisha kichwa, akiuzungusha utepe.

"Sina tena ugomvi na jengo," aliendelea Ray. "Nina ugomvi na Marafiki. Nimeona miji mitatu. Kule wanapanda paani. Ninyi mnapanda jukwaani. Pendekezo langu ni hili: hatubomoi leo, hatukabidhi leo. Tunangoja theluji iyeyuke. Ikianza kuyeyuka nitaingia Almeria, nitakaa safu ya tano, chini ya lile shimo, bila kofia. Tone moja likinigusa, naleta mashine ya kubomolea mimi mwenyewe. Nisipoguswa, napiga kura yangu upande wenu, na bisi nanunua mimi."

Lilipita kwa kura moja, kura yake. Nje alinikuta nikifunga skafu.

"Umeniua, Ray."

"Nimekupa mpaka masika, Mwalimu. Ungenipa mimi zaidi ya hapo?"

Nilifikiri kwa uaminifu. "Nisingekupa hata wiki."

"Nilijua," alisema, akavaa kofia.

Alhamisi, 16 Januari

Jumamosi Marafiki wa Almeria wanakutana. Nitasoma maneno haya, na nayaandika hapa kwanza ili sauti isinitetemeke.

Wanachama wenzangu, ninyi mliolia nami chini ya bango mwezi wa Novemba. Nimetafuta adui wa Almeria msimu mzima, nikamchagua mtu anayeuza matairi, kwa sababu anajibu vizuri na inafurahisha kupigana naye. Adui alikuwa juu ya vichwa vyetu, anang'aa, nasi tulimmwaga kwa magunia. Hakuna aliyekusudia ubaya. Hilo halimzuii aliyekaa safu ya tano kulowa.

Nimepanda asubuhi ya leo. Chini ya theluji kuna ufa, pembeni mwa tundu la pili, unaweza kuingiza vidole. Unahitaji lami, turubai na mikono mingi, na unavihitaji wiki hii, maana jua la Februari halitangoja awamu ya tatu. Siombi hotuba, sahihi wala picha mpya.

Zimeni bango. Lizimeni Jumamosi hii hii, mbele ya mji uliokuja kuliona likiwashwa, na liendelee kuwa giza mpaka siku ambayo Ray Stojak atatoka safu ya tano akiwa mkavu. Umeme wake, muda wake na fahari yake vyote vihamie paani. Kisha kila mmoja wenu aliyehesabu kwenda nyuma kwa sauti ile kubwa aje na koleo, kwa mlango wa pembeni, aje kulala kifudifudi nilipolala mimi.

Na wewe, Corinne. Nimekupenda miaka thelathini na mitano na sitaacha Jumamosi. Vua utepe huo, uweke funguo mezani, kisha njoo ushike ncha ya pili ya turubai.